Bei ya Nyumba, Mpaka wa Shule na Kodi ya Majengo: Kisa cha Edgewood na Alamo Heights

Katika mwaka wa masomo wa 1967–68, wakazi wa wilaya ya shule ya Edgewood, upande wa magharibi wa jiji la San Antonio katika jimbo la Texas, walitozwa kodi ya majengo ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani iliyokadiriwa ya mali zao. Wakazi wa Alamo Heights, wilaya nyingine ya kaunti hiyo hiyo ya Bexar, walitozwa senti 85. Hata hivyo, baada ya kila wilaya kutoa sehemu yake ya lazima katika mpango wa jimbo wa kugharimia elimu, kodi ya Edgewood iliacha dola 26 kwa kila mwanafunzi, ilhali kodi ya Alamo Heights, iliyotozwa kwa kiwango cha chini, iliacha dola 333. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa kesi ya San Antonio Independent School District dhidi ya Rodriguez, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 21 Machi 1973, na takwimu nyingi za miaka hiyo nitakazozitumia zimo ndani ya hukumu yake. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi, kuliko kingine chochote ninachokijua, jinsi bei ya nyumba, kodi ya nyumba na shule ya mtaani zinavyofungamana, hata ikawa vigumu kugusa moja bila kuzitikisa nyingine mbili.

Msomaji aliyesomea Tanzania au Kenya ana haki ya kushangaa. Kenya, mwalimu wa shule ya umma hulipwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na kodi ya ardhi inayolipwa kwa kaunti haina uhusiano na mshahara wake. Tanzania, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani malipo ya kabla ya umeme, kwa kiasi maalumu, na haiamui shule ya jirani ipate walimu wangapi. Marekani mambo yamepangwa vingine. Karibu kila jimbo limegawanywa katika wilaya za shule ambazo si wilaya za utawala tulizozizoea: hazina mkuu wa wilaya, mipaka yake mara nyingi hailingani na ya mji wala ya kaunti, na katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, zina bodi inayochaguliwa na wakazi na zina mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Mtoto husoma katika wilaya ambamo wazazi wake wanaishi. Kwa hiyo anayenunua nyumba hununua pia nafasi ya mwanawe darasani, na hujifunga kulipa kodi ya wilaya ile kwa muda wote atakaokuwa na nyumba hiyo.

Tuzitazame wilaya zenyewe. Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25. Ilikuwa mitaa ya makazi, yenye biashara chache na viwanda vichache vya kutozwa kodi. Takriban asilimia 90 ya wanafunzi wake walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na zaidi ya asilimia 6 walikuwa weusi. Kipato cha kati cha familia, yaani kile ambacho nusu ya familia hupata chini yake na nusu juu yake, kilikuwa dola 4,686 kwa mwaka, na thamani ya mali iliyokadiriwa kwa kila mwanafunzi ilikuwa dola 5,960. Katika yote mawili Edgewood ilikuwa ya mwisho katika eneo zima la mji. Alamo Heights ilikuwa na wanafunzi wapatao 5,000 katika shule sita, wengi wao wazungu. Kipato cha kati cha familia kilikuwa dola 8,001, na thamani ya mali kwa kila mwanafunzi ilizidi dola 49,000.

Hapo pana jambo ambalo wasomaji wengi wa kesi hii hulipita haraka, nami naliona kuwa ndilo kiini chake. Kipato cha familia ya Alamo Heights hakikufika hata mara mbili ya kile cha familia ya Edgewood, lakini mali ya kutozwa kodi kwa kila mwanafunzi ilizidi mara nane. Laiti shule zingegharimiwa kwa kodi ya mapato, pengo lingekuwepo, ila lingekuwa dogo zaidi. Kodi ya majengo inalikuza, kwa sababu bei ya nyumba haipimi pesa anazopata mwenye nyumba peke yake. Inapima pia mtaa, majirani, shule, matarajio ya watakaonunua baadaye, na hata woga wa watakaokataa kununua. Tena kigawanyo hiki cha mali kwa mwanafunzi hupanda pale penye maduka, ofisi na watoto wachache, na hushuka pale penye watoto wengi wasio na kiwanda wala duka kubwa la kuwasaidia wazazi wao kubeba mzigo.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kila dola moja ya kodi kwa kila dola 100 za thamani iliipa Edgewood dola 59.60 kwa mwanafunzi, na iliipa Alamo Heights zaidi ya dola 490. Chukua mfano wa nyumba mbili zilizokadiriwa thamani moja, tuseme dola 8,000, moja katika kila wilaya. Mwenye nyumba wa Edgewood angelipa dola 84 kwa mwaka, wa Alamo Heights dola 68. Wa kwanza analipa zaidi na mwanawe anapata kidogo, si kwa kuwa yeye mwenyewe ni maskini kuliko yule wa pili, kwani katika mfano huu wana nyumba za thamani sawa, bali kwa kuwa nyumba za majirani zake ni za bei ya chini. Kodi anayoilipa mtu mmoja haitoshi shule. Shule hujengwa na jumla ya kodi za wote waliomo ndani ya mpaka.

Jaji Byron White, mmoja wa majaji wanne waliotofautiana na hukumu ya 1973, alieleza jambo hilo kwa hesabu ambayo hadi leo sijaona iliyo fasaha zaidi. Ili kufikia mapato makubwa kuliko yote katika kaunti ya Bexar, Alamo Heights ingehitaji kutoza senti 68 tu kwa kila dola 100. Edgewood ingelazimika kutoza dola 5.76. Na sheria ya Texas yenyewe iliweka kikomo cha dola 1.50. Wazazi wa Edgewood, hata wangeamua kujinyima kila kitu kwa ajili ya shule, wangekuta sheria imewawekea ukuta kabla hawajafika hata theluthi ya safari. Wanaodai kwamba kila jamii huamua yenyewe thamani inayoipa elimu wanapaswa kuijibu hesabu hiyo kwanza.

Mtu angetarajia kwamba fedha za jimbo zingeziba pengo. Katika mwaka ule wa 1967–68, mpango wa jimbo uliipa Edgewood dola 222 kwa kila mwanafunzi, na ukaipa Alamo Heights dola 225. Sababu kubwa ilikuwa mishahara: jimbo lilichangia zaidi pale palipokuwa na walimu wenye uzoefu na shahada za juu, na walimu hao walikwenda kwenye wilaya zenye uwezo wa kuwaongezea mshahara juu ya kile kilichotolewa na jimbo. Serikali ya shirikisho iliongeza dola 108 kwa mwanafunzi wa Edgewood na dola 36 kwa mwenzake. Jumla ikawa dola 356 upande mmoja na 594 upande wa pili.

Sasa tuingie katika bei. Mnunuzi anayelinganisha nyumba mbili hulinganisha pia gharama zitakazoandamana nazo na faida zitakazokuja nazo. Kiwango cha kodi kikiwa kidogo, yuko tayari kuongeza bei kidogo, kwa kuwa atakachookoa kila mwaka kinamrudia. Shule ikiwa nzuri, anaongeza tena. Alamo Heights ilikuwa na yote mawili, kodi ya chini na shule zenye fedha, na yote mawili yalipandisha bei. Bei ilipopanda, thamani ya kutozwa kodi ilipanda. Thamani ilipopanda, kiwango kile kile kilizaa fedha nyingi zaidi, au wilaya iliweza kukishusha na bado ikapata fedha zile zile. Edgewood ilikuwa na kodi ya juu na shule zisizo na fedha, na kila kimojawapo kilishusha bei, na bei iliposhuka kodi ilibidi ipandishwe. Hakuna aliyehitaji kuwa na nia mbaya ili duara hili lizunguke. Inatosha kila familia itafute makazi bora kwa watoto wake kadiri ya uwezo wake.

Kupima sehemu ya bei inayotokana na shule peke yake ni kazi ngumu, kwa sababu mitaa yenye shule nzuri kwa kawaida ina pia barabara nzuri, usalama na nyumba kubwa. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti uliotumia njia ya werevu. Alichukua nyumba za vitongoji vya Boston, jimbo la Massachusetts, zilizokuwa karibu na mstari unaotenganisha maeneo ya shule mbili za msingi ndani ya wilaya moja. Nyumba hizo zilikuwa katika mtaa ule ule, zikitozwa kodi ile ile na kuhudumiwa na mji ule ule. Kilichotofautiana kikubwa kilikuwa shule ambayo mtoto angepangiwa. Aligundua kwamba wazazi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba iliyo upande wa shule ambayo alama zake za mtihani zimezidi kwa asilimia 5. Matokeo hayo ni madogo kuliko makadirio yaliyotangulia ambayo hayakutenganisha shule na mtaa, na kwangu udogo wake ndio unaoyapa uzito: hata baada ya kuondoa kila kitu kingine, mstari uliochorwa kwenye ramani una bei yake. Siku hizi mstari huo hauhitaji hata kutafutwa, kwani tovuti za kuuza nyumba kama Zillow huonyesha chini ya picha za jiko na sebule alama za shule za karibu, kuanzia moja hadi kumi, zinazotolewa na shirika la GreatSchools.

Lakini katika San Antonio haitoshi kusema kwamba soko lilifanya kazi yake. Alamo Heights ilijitenga kuwa mji wenye mamlaka yake mwaka 1922, ikazungukwa na San Antonio iliyoendelea kukua pande zote. Katika miongo hiyo hati nyingi za viwanja vya mitaa mipya ya mji huo zilikuwa na masharti yaliyokataza nyumba kuuzwa au kupangishwa kwa watu weusi au kwa watu wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za nchi haziwezi kuyatekeleza masharti ya namna hiyo, na mnamo Aprili 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukomesha ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Kufikia hapo, familia za Wameksiko zilikuwa zimekwisha kusongamana upande wa magharibi, thamani za mitaa zilikuwa zimekwisha kuachana, na kazi iliyokuwa ikifanywa na hati sasa ikafanywa na bei. Mtu aliyekataliwa mwaka 1940 kwa jina lake, mwanawe angekataliwa mwaka 1970 na benki kwa kukosa malipo ya awali.

Tarehe 16 Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani na kuandamana hadi ofisi ya msimamizi wa wilaya, wakidai vyoo na madirisha yatengenezwe na waletewe walimu waliohitimu. Wazazi waliunda chama chao. Mmoja wao alikuwa Demetrio Rodriguez, aliyewahi kutumikia jeshi na ambaye wakati huo alikuwa fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly. Jengo la shule ya msingi walikosoma wanawe lilikuwa limechakaa kiasi kwamba ghorofa ya juu ilifungwa kwa kuwa haikuwa salama, na popo walikuwa wamefanya makao humo. Mwanzoni wazazi walidhani kwamba fedha zinafujwa na viongozi wa wilaya. Wakili Arthur Gochman aliwaonyesha kwamba hata uongozi mwadilifu kabisa usingeweza kutoa zaidi kwenye msingi wa kodi ule, na kwamba wa kushtakiwa ni jimbo, lililochora mipaka ya wilaya na kisha kuziagiza zijitegemee. Kesi ilifunguliwa kiangazi cha mwaka huo huo. Wilaya saba za mji zilitajwa kama washtakiwa, kisha zikaondolewa. Na wilaya ya San Antonio, ambayo jina lake limebaki kwenye kesi kana kwamba ndiyo mpinzani wa Rodriguez, iliishia kuwaunga mkono wazazi mbele ya Mahakama ya Juu.

Mnamo Desemba 1971 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho huko Texas waliwapa wazazi ushindi, wakisema mfumo huo unakiuka kifungu cha ulinzi sawa wa sheria katika Marekebisho ya 14 ya Katiba. Jimbo likakata rufaa, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Lewis Powell, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya Richmond huko Virginia, aliandika kwamba elimu, pamoja na umuhimu wake mkubwa, si miongoni mwa haki zinazolindwa bayana na Katiba ya Marekani. Kwamba watoto wa Edgewood hawakunyimwa elimu kabisa. Na kwamba kugharimia shule kwa kodi ya wenyeji kuna uhusiano wa kimantiki na lengo halali la wenyeji kusimamia shule zao. Kuurekebisha mfumo, alisema, ni kazi ya mabunge ya majimbo. Jaji Thurgood Marshall aliandika maoni marefu ya kupinga. Hoja yake iliyonigusa zaidi ni kwamba usimamizi wa wenyeji, unaotajwa kuwa sababu ya kuutetea mfumo, haukuwepo kwa wilaya maskini: wilaya isiyo na mali ya kutoza haina cha kuamua. Nakubaliana naye. Bodi ya Edgewood ilichaguliwa na wakazi wake kama ilivyochaguliwa ya Alamo Heights, lakini moja iliamua ifanye nini na fedha na nyingine iliamua ikose nini.

Kwa hukumu hiyo mlango wa mahakama za shirikisho ulifungwa, na hadi leo haujafunguliwa. Mapambano yalihamia kwenye katiba za majimbo. Mwaka 1984 shirika la kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Meksiko, MALDEF, lilifungua kesi mpya katika mahakama za Texas kwa niaba ya Edgewood na wilaya nyingine, likitegemea kifungu cha katiba ya Texas kinacholitaka bunge la jimbo liweke mfumo wenye ufanisi wa shule za umma. Tarehe 2 Oktoba 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas waliukataa mfumo uliokuwepo. Takwimu zilizowekwa mbele yao zilionyesha jinsi duara lilivyoendelea kuzunguka. Katika mwaka wa masomo wa 1985–86 Edgewood ilikuwa na mali ya dola 38,854 kwa kila mwanafunzi, na Alamo Heights dola 570,109. Pengo la mara nane lilikuwa limekaribia mara kumi na tano. Katika jimbo zima, wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na mali mara 700 ya ile iliyo maskini kuliko zote. Wilaya 100 maskini zaidi zilitoza kwa wastani senti 74.5 na kutumia dola 2,978 kwa mwanafunzi. 100 tajiri zaidi zilitoza senti 47 na kutumia dola 7,233.

Bunge la Texas lilijaribu mara kadhaa, na mahakama ikayakataa majaribio hayo moja baada ya jingine. Mnamo Mei 1993 wapiga kura walikataa kubadilisha katiba ili kodi iweze kugawanywa kutoka wilaya hadi wilaya. Mwezi huo huo ilipitishwa sheria ambayo Watexas waliipa jina la Robin Hood, yule wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri ili awape maskini, na mahakama iliikubali mwaka 1995. Wilaya ambayo mali yake ilizidi dola 280,000 kwa kila mwanafunzi, kwa hesabu inayozingatia mahitaji ya wanafunzi, ilipewa njia tano za kupunguza utajiri wake, zikiwemo kuungana na wilaya nyingine, kuachia sehemu ya eneo lake, au kulilipa jimbo. Karibu zote zilichagua kulipa badala ya kugusa mpaka. Alamo Heights imo miongoni mwa wilaya zinazolipa. Chaguo hilo linasema mengi: wakazi walikuwa tayari kuachia fedha, lakini hawakuwa tayari kuachia mstari unaoamua ni watoto wa nani wataingia darasani.

Bei za nyumba zilijibu. Mwaka 2004 wachumi Caroline Hoxby na Ilyana Kuziemko walikadiria kwamba mpango huo ulipunguza pengo la matumizi kati ya wilaya tajiri na maskini kwa dola 500 kwa mwanafunzi, lakini ukafuta takriban dola 27,000 za thamani ya mali kwa mwanafunzi. Maelezo yao ni ya kueleweka. Mnunuzi akijua kwamba sehemu ya kodi yake haitarudi katika shule ya mwanawe, hupunguza bei anayokubali kulipa; bei ikishuka, msingi wa kodi ambao jimbo linautegemea nao hushuka. Wakosoaji wa Robin Hood huutumia utafiti huo kama ushahidi kwamba mpango ulikuwa kosa. Mimi nauchukulia kwanza kama ushahidi wa jambo jingine, kwamba sehemu ya bei za zamani haikuwa thamani ya matofali wala ya bustani, ilikuwa thamani ya haki ya kujifungia kodi ndani ya mpaka. Hata hivyo onyo lao ni la kweli: anayetaka usawa kwa kukata kodi ya majengo ajue kwamba anakikata kitu kinachosinyaa kadiri kinavyokatwa, na kwamba fedha zinazotoka katika kodi ya jumla ya jimbo hazina udhaifu huo kwa kiwango kile. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kwa hiyo kila suluhisho limelazimika kurudi kwenye nyumba.

Baadaye mfumo ulikwama upande wa pili. Mnamo Novemba 2005 mahakama ya jimbo iliona kwamba wilaya nyingi mno zilikuwa zimefikia kikomo cha dola 1.50, kiasi kwamba hazikuwa tena na uhuru wa kuamua kiwango, na kodi ya wilaya ilikuwa imegeuka kodi ya jimbo ambayo katiba inaikataza. Bunge likaanza kupunguza viwango mwaka uliofuata. Mwaka 2019 lilivipunguza tena na kuongeza fedha za jimbo.

Hali ya leo inaonekana vizuri zaidi katika ankara ya kodi ya mwenye nyumba wa kaunti ya Bexar. Ni karatasi moja yenye mistari kadhaa: kaunti, jiji, hospitali ya umma, vyuo vya jamii, mamlaka ya mto, na wilaya ya shule, ambayo kwa kawaida ndiyo huchukua sehemu kubwa kuliko nyingine zote. Thamani hukadiriwa kila mwaka na ofisi ya ukadiriaji ya kaunti, na mwenye nyumba akiona imezidi anaweza kuipinga, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Mei. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe anaweza kuomba msamaha unaoondoa sehemu ya thamani kabla ya kodi ya shule kukokotolewa; wapiga kura waliupandisha kutoka dola 40,000 hadi 100,000 mwaka 2023, na hadi 140,000 mwaka 2025. Ongezeko la thamani ya kutozwa kodi kwa nyumba ya aina hiyo haliruhusiwi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizoanza maisha Houston, Fort Worth au Abilene, wengi wao kutoka Kongo, zinapaswa kujua kwamba msamaha huo hupatikana kwa kuombwa, na kwamba kutouomba ni kulipa kodi ambayo ingeweza kusamehewa.

Kwa mtaa kama Edgewood, ambako nyumba nyingi ni za bei ya chini, msamaha huo unaweza kufuta karibu kodi yote ya shule ya mwenye nyumba anayeishi humo, na jimbo huifidia wilaya. Hilo ni badiliko kubwa ukilinganisha na mwaka 1968, nami nalihesabu kuwa la haki. Lakini mpangaji halimfikii. Nyumba ya kupangisha hutozwa bila msamaha huo, haina kinga ile ya asilimia 10, na kodi hiyo humfikia mpangaji kupitia pango bila jina lake kuonekana kwenye ankara yoyote.

Na kuna sehemu ya kodi ambayo Robin Hood haikuigusa hata kidogo. Kodi ya wilaya ya shule imegawanyika mara mbili: ya uendeshaji, inayolipa walimu na umeme, na ya kulipa madeni ya hati fungani zilizouzwa ili kujenga madarasa, maabara na viwanja vya michezo. Sheria ya kuchukua ziada huhusu ile ya kwanza tu. Jimbo lina mipango ya kuzisaidia wilaya maskini kulipa madeni ya majengo, lakini wilaya yenye mali nyingi bado inaweza kujenga shule mpya kwa kuongeza senti chache, na fedha yote ikabaki kwake. Idadi ya wanafunzi wa Edgewood imeshuka kutoka 22,000 hadi chini ya 10,000, na kila familia inayohama huondoka na sehemu ya mgao ambao jimbo hutoa kwa kuhesabu vichwa, huku majengo yakibaki ya kutunzwa. Demetrio Rodriguez alifariki mwaka 2013. Mipaka ya wilaya hizo mbili haijaondolewa na mahakama yoyote wala bunge lolote, na mradi ujenzi wa shule unalipwa na mali iliyo ndani ya kila mpaka, nyumba ya Alamo Heights itaendelea kuuzwa kwa bei yenye shule ndani yake.